Barua Isirudi: Kusafisha Anwani Kwenye Mfumo wa Wateja

Chama cha akiba na mikopo kinapoitisha mkutano mkuu wa mwaka, wanachama wenye simu janja hupata taarifa siku hiyohiyo kwenye kundi la WhatsApp. Wanaobaki ni mwalimu mstaafu aliyerudi kijijini, mjane anayeshughulikia akiba ya marehemu mumewe, mkulima ambaye laini yake ya simu ilifungwa kwa kukaa muda mrefu bila kutumika. Hao ndio wanaoitegemea barua, na ndio hao ambao anwani zao ndani ya mfumo zimechakaa kuliko za wengine wote. Barua zao hurudi, hutupwa kwenye boksi chini ya meza ya karani, na mwaka unaofuata hutumwa tena kulekule. Makala hii namwandikia mtu aliyekabidhiwa mfumo huo wa wateja, awe karani wa SACCOS, mhasibu wa shule, ofisa wa shirika la hisani au mwenye duka linalosafirisha mizigo mikoani, na ambaye hana idara ya kompyuta ya kumsaidia.

Kuna anwani iliyoandikwa vizuri, na kuna anwani ya kweli. Kompyuta inaweza kuitambua ile ya kwanza: sanduku lina namba, mji upo kwenye orodha, msimbo una tarakimu zinazotakiwa. Kama mtu bado anafungua sanduku lile, wanaojua ni mteja mwenyewe na posta iliyojaribu kumfikishia barua. Naona ofisi nyingi zikimaliza bajeti yote kwenye kazi ya kwanza, halafu zikashangaa kwa nini barua zinaendelea kurudi zikiwa na anwani safi, zilizopangwa mistari sawasawa, za watu waliohama zamani.

Kosa hili lina chimbuko. Programu nyingi za kusimamia wateja zimeundwa kwa kudhani kwamba kila nchi ina daftari kuu la anwani. Uingereza, Royal Mail ina faili lake la anwani, maarufu kwa kifupi PAF, lenye anwani zaidi ya milioni 30, na programu huliuliza faili hilo kila karani anapoandika postikodi. Marekani, Posta ya taifa ina utaratibu wa kuzipima programu zinazohakiki anwani, unaoitwa CASS, na pia ina orodha ya watu waliotoa taarifa ya kuhama, ambayo hutunza mabadiliko hadi miezi 48. Huko kitufe cha kuhakiki kina kitu cha kuuliza. Kwetu, daftari la nani amekodi sanduku namba gani lipo posta, na wewe huruhusiwi kulisoma, jambo ambalo ni haki kabisa. Kwa hiyo ukibonyeza kitufe hicho kwa anwani ya Singida au Kakamega, kinachokaguliwa ni sura ya maandishi tu. Usimlipe mtu fedha nyingi kwa huduma hiyo kabla hujamwomba ajaribu mbele yako anwani za wateja wako halisi, za mjini na za vijijini.

Tuanze kazi. Kabla ya kugusa herufi moja, toa nakala ya orodha yote na uihifadhi mahali ambapo hutaifungua kwa bahati mbaya. Kisha ongeza safu mpya ndani ya mfumo, uiite “anwani kama ilivyopokelewa”, unakili humo anwani zote zilivyo, pamoja na makosa yake, na uifunge isihaririwe. Maandishi yanayoonekana ya ovyo mara nyingi yana taarifa ambayo mtu wa usafi huifuta bila kujua. “Box 212 kwa Mwl. Mkuu” ni mfano. Anayesafisha haraka ataacha 212 na kufuta yaliyobaki, kumbe maneno yaliyobaki ndiyo yanayoeleza kwamba sanduku ni la shule na barua isipotaja shule itakaa posta.

Baada ya hapo, tenganisha vitu vitatu ambavyo kwa kawaida vimelundikwa kwenye mstari mmoja. Cha kwanza ni anwani ya posta: sanduku, ofisi ya posta au mji, msimbo ikiwa nchi inautumia. Cha pili ni anwani ya makazi: namba ya nyumba, barabara au mtaa, kata au shehia, wilaya, mkoa. Cha tatu ni maelekezo ya kufika: nyuma ya msikiti, geti la bluu, ukifika kwenye mwembe mkubwa piga simu. Posta inahitaji cha kwanza. Dereva wa bodaboda anayepeleka mzigo anahitaji cha tatu, na bila hicho cha pili hakimsaidii sana. Vyote ni vya thamani, na simuungi mkono mtu anayefuta maelekezo ya njia kwa hoja kwamba si anwani rasmi. Yape nafasi yake, yaachie urefu wa kutosha, na hakikisha hayachapwi kwenye bahasha.

Kwa Tanzania, nafasi ya makazi imekuwa na uzito mpya tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, iliyokwenda sambamba na maandalizi ya Sensa ya Agosti mwaka huo. Nyumba nyingi zilipewa namba na barabara zikapewa majina na nguzo, na taarifa zake zimo katika mfumo wa NaPA ambao mwananchi anaweza kuupata kwenye simu. Mteja akikuambia hana anwani ya makazi, mwombe atazame kibao kilichopigiliwa mlangoni au ukutani. Wengi wanapita mbele ya namba hiyo kila siku bila kuitumia.

Sasa sifuri. Kama una wateja Nairobi, fungua orodha yako na utazame safu ya msimbo wa posta. Msimbo wa ofisi kuu ya posta ya Nairobi ni 00100, City Square ni 00200, Sarit Centre ni 00606. Orodha ikipitia kwenye Excel, ambayo huchukulia kila chenye tarakimu kuwa hesabu, sifuri za mbele hufutwa na unabaki na 100, 200 na 606. Thika yenye 01000 inakuwa 1000. Madhara yake si ya urembo. Nchini Kenya msimbo unataja ofisi ya posta ambako sanduku lipo, na namba ileile ya sanduku inaweza kuwepo katika ofisi zaidi ya moja, kwa hiyo msimbo ukiharibika barua inaweza kwenda kwenye sanduku la mtu mwingine kabisa. Mombasa, yenye 80100, na Kisumu, yenye 40100, haziguswi na tatizo hili, na ndiyo maana ofisi za huko hukaa miaka bila kuligundua.

Dawa ni kuiambia Excel, kabla ya kuingiza data, kwamba safu ile ni ya maandishi. Ukifungua faili la CSV kwa kulibofya mara mbili tu, umeshachelewa: tumia njia ya kuingiza data inayokuuliza aina ya kila safu. Fanya hivyo pia kwa namba za simu zinazoanza na 0, kwa namba za masanduku ambazo programu hupenda kuzitilia alama ya maelfu, na kwa namba za nyumba au vitalu vyenye mkwaju. Nyumba namba 12/5 hugeuka kuwa tarehe 12 Mei au 5 Desemba kulingana na mipangilio ya kompyuta, na hakuna atakayekumbuka ilikuwaje. Kwa zile zilizokwisha kuharibika, msimbo wa Kenya wenye tarakimu chini ya tano unaweza kurudishiwa sifuri zake mbele bila wasiwasi mkubwa. Zilizogeuka tarehe rudi kwenye fomu ya karatasi.

Wateja walioko Marekani wanapatwa na jambo hilohilo. Misimbo ya Massachusetts na New Jersey huanza na sifuri, na binti aliyehamia Boston hatapata risiti ya ada ya ndugu zake ikiwa tarakimu moja imedondoka.

Majina ya miji ni kazi ya jioni mbili tatu, haichoshi akili. Toa orodha ya kila namna ambavyo mji umeandikwa ndani ya mfumo wako na mara ngapi kila namna imetokea. Utakuta Dar es Salaam, Dar-es-salaam, DSM, Dar, D’Salaam, na namna nyingine usizozitegemea. Tengeneza jedwali la safu mbili, la zamani na la sahihi, kisha uache programu ibadilishe kwa mkupuo. Fanya hivyo kwa S.L.P., SLP, P.O. Box, Box na POB pia. Mimi hushauri namba ya sanduku ikae peke yake kwenye nafasi yake, tarakimu tupu, na maneno “S.L.P.” yawekwe na programu wakati wa kuchapa. Ukifanya hivyo unaweza kukagua kwa urahisi: nafasi ya sanduku ikiwa na herufi O badala ya sifuri itajitokeza, na ikiwa na tarakimu kumi zinazoanza na 07 utajua karani aliandika namba ya simu. Ila kuna mifuko ya faragha, ambayo baadhi ya taasisi huitumia badala ya sanduku. Iwekee alama yake, usiilazimishe kuwa sanduku.

Hesabu ya miji na mikoa hufichua jambo jingine ambalo halitafutwi na kitufe chochote. Mikoa ya Tanzania ikipangwa kwa alfabeti, ya kwanza ni Arusha. Kaunti za Kenya zikipangwa hivyo, ya kwanza ni Baringo. Kama menyu ya mfumo wako humwonyesha karani jina la kwanza likiwa tayari limechaguliwa, kila aliyeharakisha amemhamishia mteja wake Arusha au Baringo. Linganisha idadi hiyo na unachokijua kuhusu biashara yako. Ukiwa na duka la vifaa vya uvuvi Mwanza halafu sehemu kubwa ya wateja wanaonekana kukaa Arusha, umepata kosa ambalo kila moja ya rekodi zake inaonekana sahihi ukiitazama peke yake. Baada ya kuzitengeneza, badilisha menyu ianze na nafasi tupu. Kwenye menyu ya nchi tazama majirani wa Tanzania kwa herufi: Taiwan, Tajikistan, Thailand. Kidole kinateleza mstari mmoja tu.

Yako makosa ambayo si ya mtu yeyote, bali nchi ilibadilika na daftari likabaki palepale. Mwaka 2012 Tanzania ilipata mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 ukaongezeka Songwe. Mteja wa Mpanda aliyejisajili mwaka 2009 aliandika Rukwa, na hakukosea. Wa Tunduma aliandika Mbeya. Jijini Dar es Salaam, wilaya za Ubungo na Kigamboni zilimegwa kutoka Kinondoni na Temeke, na mwaka 2021 Manispaa ya Ilala ikawa Jiji la Dar es Salaam. Kenya nayo ilihama kutoka mikoa minane kwenda kaunti 47 baada ya uchaguzi wa 2013, lakini mifumo ya ofisi nyingi bado ina Nyanza na Bonde la Ufa kwenye nafasi ya mkoa. Hapa unaweza kusahihisha bila kumsumbua mteja, maana aliyehama ni mpaka. Tumia jina la mji au kata kuamua mkoa mpya, na pale ambapo mteja ameandika jina la mkoa wa zamani tu bila mji, weka alama ya kumuuliza. Mbeya bila kitu kingine inaweza kuwa Mbeya au Songwe.

Kwa Tanzania postikodi inaweza kukusaidia katika ukaguzi huu. Ina tarakimu tano: ya kwanza ni kanda, mbili za kwanza zikisomwa pamoja zinataja mkoa, ya tatu wilaya, na mbili za mwisho kata. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imechapisha orodha yake kata kwa kata. Ikiwa rekodi inasema Dodoma, postikodi ianze na 41, Mwanza na 33, Arusha na 23. Za Dar es Salaam huanza na 1, na za Zanzibar na 7. Andika kanuni hiyo mara moja kwenye mfumo au kwenye Excel, na rekodi zinazojipinga zitajitenga zenyewe. Usiamue papohapo upande upi una kosa. Mara nyingine mteja alinakili postikodi ya ofisini kwake badala ya nyumbani.

Kuwa mwangalifu zaidi na majina yanayojirudia. Mbezi Beach na Mbezi Mwisho zote ziko Dar es Salaam, lakini moja iko Kinondoni ufukweni na nyingine Ubungo kwenye Barabara ya Morogoro, na mzigo uliopelekwa Mbezi isiyo yenyewe hula nusu siku ya dereva kwenye foleni. Kilimani ipo Nairobi, ipo Dodoma, ipo mjini Unguja. Kinondoni ni wilaya na pia ni kata ndani ya wilaya hiyo. Aliyeandika neno moja tu la namna hii hajakupa anwani, na mfumo ukikubali neno hilo kwa furaha, tatizo liko kwenye mfumo.

Nakuja sasa kwenye hatari ninayoihofia kuliko zote, kwa sababu haifutiki kirahisi: kuunganisha wateja wawili kuwa mmoja. Karibu kila programu ina kitufe cha kutafuta rekodi zinazojirudia, na nyingi hutegemea jina na anwani. Kwa mila za Ulaya, watu wawili wenye jina linalofanana na anwani moja karibu kila mara ni mtu mmoja. Kwetu sanduku moja la posta linaweza kuwa la shule nzima, la parokia, la msikiti, la kiwanda, la ukoo. Walimu thelathini wanaweza kuwa na sanduku moja, wawili kati yao wakaitwa Juma Hamisi, na mmoja ana mkopo na mwingine hana. Ukiwaunganisha, umemwandikia deni mtu asiyekopa. Baba na mtoto walio na majina yanayokaribiana na sanduku la familia ni mtego uleule. Na upande wa pili, mtu mmoja anaweza kuonekana watatu kwa kuwa jina lake limeandikwa Mohamed, Muhammad na Mohammed na makarani watatu.

Kwa hiyo usitumie anwani kama kigezo kikuu cha kuunganisha. Tumia namba ya simu iliyowekwa katika mtindo mmoja, +255 au +254 mwanzoni bila sifuri inayofuata, pamoja na tarehe ya kuzaliwa au namba ya uanachama. Simu nayo inashirikiwa na mume na mke, kwa hiyo hata hapo angalia kwa macho kabla ya kubonyeza. Zima kabisa kuunganisha kwa mkupuo. Programu ikuletee jozi zinazoshukiwa, na mtu mwenye kuwafahamu wateja azipitie moja baada ya nyingine. Wakati huohuo, ongeza nafasi ya “mwenye sanduku”. Humo liandikwe jina la shule, kampuni au mzazi ambaye sanduku ni lake, na nafasi hiyo ichapwe kwenye bahasha chini ya jina la mteja. Marekebisho haya madogo huokoa barua nyingi, kwa sababu anayegawa barua ndani ya shule huanza kwa kutazama jina la shule.

Kuhusu ramani nina neno fupi. Huduma za kimataifa za kugeuza anwani kuwa nukta kwenye ramani, zikishindwa kuielewa anwani, mara nyingi hazikiri. Zinakurudishia katikati ya mji. Ukiona wateja wako mia mbili wamesimama juu ya nukta moja, hizo si anwani zilizohakikiwa. Ukihitaji nukta kwa ajili ya kupeleka mizigo, mwombe mteja akutumie mahali alipo kwa simu akiwa nyumbani kwake. Desimali nne zinatosha, maana karibu na ikweta zinakufikisha ndani ya mita kumi na moja hivi.

Sehemu inayobaki ni kumuuliza mteja, na hapa ningetaka ofisi itumie muda wake mwingi. Swali linalozoeleka ni “Bado unatumia S.L.P. 45 Korogwe?” Mtu aliye shambani au kwenye daladala atajibu ndiyo ili simu ikatwe. Isitoshe umeshamtajia taarifa ya mteja mtu ambaye hujui kama ni yeye. Uliza swali lililo wazi: “Barua zako unazipokelea wapi siku hizi?” Kisha nyamaza, mwache aeleze. Atakayosema yakilingana na yaliyoandikwa, umepata uthibitisho wa kweli. Yakitofautiana, umepata marekebisho, na mara nyingi umepata pia sababu yake, kwamba sanduku la zamani lilikuwa la mwajiri na yeye alistaafu.

Piga kwa namba ambayo wateja wanaifahamu. Watu wametapeliwa kwa simu, na wana haki ya kukushuku. Anza kwa adabu inayostahili umri wa mtu: “Shikamoo mama, napiga kutoka ofisi ya chama, tunarekebisha daftari ili taarifa ya mkutano ikufikie.” Sema mapema kwamba huhitaji fedha, namba ya siri wala namba ya kitambulisho. Akisita, mwambie apige mwenyewe ofisini au apite siku ya soko. Ukituma ujumbe mfupi, uwe ndani ya herufi 160 usije ukakatika vipande: “Ndugu mwanachama, tunasahihisha daftari letu. Tafadhali tujibu: barua zako unapokelea sanduku gani na mji gani? Hatuombi namba ya siri wala malipo.” Waanze wale ambao barua kwao ni lazima, yaani wasio na simu ya kuaminika, wenye mikopo, wenye mafao yanayosubiri. Mteja aliyenunua betri moja miaka sita iliyopita anaweza kungoja.

Kila jibu liandikwe pamoja na tarehe, jina la aliyelipokea na jinsi lilivyopatikana: kwa simu, dirishani, kwa fomu, kwa barua iliyorudi. Anwani ya zamani isifutwe, iwekewe tarehe ya mwisho. Wasiostahili kuhariri wasiweze kuhariri. Sheria zinaelekea hukohuko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mteja akija kulalamika kwamba barua yake imefunguliwa na mtu mwingine, historia hiyo ya mabadiliko ndiyo utakayomwonyesha.

Barua zilizorudi zitoe kwenye lile boksi. Posta haikurudishii bahasha bure, imekuandikia sababu, na kwa zile za kimataifa sababu hiyo hutiwa alama kwenye kibandiko cha CN 15. Sababu hazifanani na hazitibiwi kwa njia moja. Anwani isiyokamilika ni kosa lako, rudi kwenye ile safu ya maandishi ya asili utafute kilichodondoka. Asiyejulikana pengine ametajwa bila jina la mwenye sanduku. Sanduku lililofungwa huenda ni kodi ya mwaka haijalipwa, kwa hiyo mpigie mteja kabla hujalifuta, anaweza kulipia mwezi ujao. Barua ambayo haikuchukuliwa inaonyesha kuwa anwani yenyewe huenda ni sahihi, ila mtu haendi posta mara kwa mara: huyo mtumie ujumbe siku unayoposti. Aliyefariki mwekee alama leo hii, barua za matangazo zikome, na mawasiliano ya mirathi yaende kwa msimamizi aliyethibitishwa. Familia inayopokea barua ya kumpongeza marehemu kwa siku yake ya kuzaliwa inaumizwa, na kuzuia hilo ni dakika moja ya kazi.

Wateja walio nje ya nchi wanataka fomu isiyo na ubishi. Oman hutumia msimbo wa tarakimu tatu, Ruwi ikiwa 112 na Salalah 211. Falme za Kiarabu hazina msimbo wa posta, wanatumia sanduku na jina la emirati. Barua ya Kampala hufika kwa sanduku na jina la mji. Canada huchanganya herufi na tarakimu. Fomu inayolazimisha tarakimu tano kwa wote huwafundisha watu kuandika 00000, na uongo huo ukishaingia hautofautiki na ukweli. Ondoa sharti hilo kwa nchi za nje, acha anwani iwe mistari minne au mitano kama mteja anavyoiandika mwenyewe, na weka jina la nchi mstari wa mwisho kwa herufi kubwa. Angalia pia programu inavyolichapa jina hilo. Baadhi huchapa jina refu la kiofisi lililogeuzwa mpangilio kwa ajili ya alfabeti, na halistahili kukaa kwenye bahasha.

Kabla ya kuchapa vibandiko vyote vya mkutano mkuu, chapa ishirini, ukichanganya wa mjini, wa kijijini, wa sanduku la shule, wa Nairobi mwenye sifuri na mmoja wa ng’ambo. Vipeleke dirishani posta asubuhi, wakati hakuna foleni, umwombe mhudumu avisome. Atakuonyesha mstari uliokatika, namba iliyobanwa na jina la ofisi ya posta ambayo siku hizi barua zake zinapitia kwingine. Rekebisha kiolezo, ndipo uchape zilizobaki.